Jack Lummus: Mechi tisa uwanjani, jina lisilofutika vitani

KATIKA vitabu vya kumbukumbu za mpira wa Kimarekani, maisha ya uchezaji ya Jack Lummus yanaenea katika mstari mmoja. Msimu ni mmoja, wa mwaka 1941. Timu ni moja, New York Giants. Mechi ni tisa. Pasi aliyodaka ni moja tu, nayo iliisogeza mbele timu yake kwa yadi tano, yaani mita nne na nusu hivi. Bao hakufunga, na kombe hakulishika.

Kwa hesabu hizo, Lummus alistahili kusahaulika kama walivyosahaulika mamia ya vijana waliovaa jezi za ligi kuu ya Marekani, NFL, kwa msimu mmoja kisha wakarejea makwao kulima, kufundisha shule au kuuza bima. Lakini haikuwa hivyo. Jina lake limewekwa miongoni mwa magwiji wa Giants, limeandikwa ubavuni mwa meli ya jeshi iliyopita hata katika pwani ya Afrika Mashariki, na limo katika orodha ya waliopewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kuliko zote ambazo taifa la Marekani humpa askari wake.

Kilichotenganisha mstari ule mfupi wa kitabuni na heshima hizo ni kipindi cha miaka mitatu na miezi michache, kilichoanzia katika uwanja wa mpira wa jijini New York na kuishia katika kisiwa kidogo cha majivu ya volkano kwenye Bahari ya Pasifiki.

Mtoto wa shamba la pamba

Andrew Jackson Lummus, ambaye tangu utotoni alijulikana zaidi kwa jina la Jack, alizaliwa Oktoba 22, 1915 katika eneo la Ennis, jimboni Texas. Ennis ulikuwa mji mdogo wa reli na pamba, kusini mwa jiji la Dallas. Alikulia katika familia ya wakulima, wakati ambapo bei ya pamba ndiyo iliyoamua kama watoto wangevaa viatu vipya au la. Alipoingia ujanani, Marekani ilikuwa imeshikwa na mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na kwa kijana wa shamba njia za kutoka zilikuwa chache.

Kwa Lummus, njia hiyo ilikuwa michezo. Alikuwa mrefu, mwenye kimo cha karibu mita 1.90, mwembamba kiasi, mwepesi wa miguu na mwenye mikono mizuri ya kudaka. Vipaji hivyo vilimfungulia kwanza mlango wa chuo kimoja cha kijeshi katika mji wa Terrell, na kutoka hapo akapata ufadhili wa kimichezo wa kusoma Chuo Kikuu cha Baylor kilichoko Waco, papo hapo Texas.

Huko Baylor alicheza michezo miwili. Katika mpira wa Kimarekani alikuwa mchezaji wa pembeni, na katika besiboli alilinda eneo la kati la nyuma, sehemu inayohitaji mtu mwenye mbio na jicho la kuusoma mpira ukiwa bado angani. Katika besiboli ndiko alikong'ara zaidi, hata akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya ukanda wake. Wengi waliomwona akicheza waliamini kwamba kama angekula kwa jasho la michezo, basi angekula kwa besiboli.

Mwaka 1941, mwaka wa pilika

Mwaka 1941 Lummus alikuwa na umri wa miaka 25 na aligusa mambo matatu kwa mpigo. Alisaini mkataba na klabu ndogo ya besiboli ya Wichita Falls akacheza mechi chache. Akajiunga na mafunzo ya urubani wa jeshi, lakini hakuyamaliza. Kisha akapata nafasi ya kujaribiwa na New York Giants, akafuzu, na akiwa mgeni kabisa katika ligi akajikuta anaishi katika jiji kubwa kuliko yote nchini mwake.

Msomaji asiyeuzoea mchezo huo anahitaji maelezo mafupi hapa. Mpira wa Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai, na timu hupigania kusonga mbele hatua kwa hatua hadi kuvuka mstari wa mwisho wa wapinzani. Mchezaji wa pembeni husimama mwishoni mwa safu ya mbele. Akishambulia, kazi yake ni kumzuia mpinzani na mara mojamoja kutoroka ili adake pasi. Miaka hiyo wachezaji hawakugawanywa kama siku hizi katika kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda. Mtu yuleyule aliyeshambulia ndiye aliyerudi kulinda, akapambana na watu wenye uzito kuliko yeye, mchana kutwa.

Ndiyo maana pasi moja ya yadi tano haielezi kazi yote aliyofanya. Mchezaji wa akiba wa pembeni katika timu ya kocha Steve Owen, mtu aliyethamini ulinzi kuliko mbwembwe, hakuajiriwa ili adake mipira. Aliajiriwa ili agonge na agongwe.

Aidha, ligi yenyewe haikuwa na utajiri unaojulikana leo. Umaarufu mkubwa ulikuwa wa besiboli, ngumi na mpira wa vyuo vikuu. Wachezaji wengi wa kulipwa walitafuta kazi nyingine msimu ulipokwisha. Kijana wa Texas aliyepata jezi ya Giants alikuwa amepata heshima na posho ya miezi michache, bila uhakika wa mwaka unaofuata.

Jumapili ya Desemba 7

Giants walikuwa na msimu mzuri. Walishinda mechi nane na kupoteza tatu, na kufikia mwanzoni mwa Desemba walikuwa tayari wamejihakikishia ubingwa wa kanda ya mashariki. Mechi ya mwisho ya ratiba ilikuwa dhidi ya majirani zao wa jiji hilohilo, Brooklyn Dodgers, katika uwanja wa Polo Grounds, Jumapili ya Desemba 7, 1941.

Watu zaidi ya 55,000 walifurika uwanjani. Siku hiyo ilitengwa pia kumuenzi Tuffy Leemans, mshambuliaji kipenzi wa Giants, ambaye alikabidhiwa zawadi kabla ya mchezo. Mpira ulianza mnamo saa nane mchana. Wakati huo, maelfu ya kilomita kutoka hapo, ndege za Japani zilikuwa zimekwishaanza kuishambulia bandari ya kijeshi ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, na watu zaidi ya 2,400 wangepoteza maisha.

Mashabiki hawakutangaziwa. Walichosikia kwenye vipaza sauti ni majina ya maofisa na wanajeshi waliotakiwa kupiga simu makazini mwao haraka. Miongoni mwa walioitwa alikuwa Kanali William Donovan, ambaye baadaye aliongoza idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa vita. Kadiri miito ilivyoongezeka, ndivyo minong'ono ilivyotanda majukwaani. Brooklyn walishinda 21 kwa 7, lakini matokeo hayo yalipoteza maana kabla watu hawajafika majumbani kwao.

Wiki mbili baadaye, Desemba 21, Giants walisafiri hadi Chicago kucheza fainali ya ligi dhidi ya Chicago Bears. Siku zile fainali ya ubingwa ingejaza uwanja wowote. Safari hii walihudhuria watu 13,341 tu. Taifa lilikuwa likiwaza mambo mengine. Bears, waliokuwa timu tishio kuliko zote za wakati huo, walishinda 37 kwa 9.

Huo ndio ukawa mwisho wa Jack Lummus kama mchezaji wa kulipwa. Januari 30, 1942, siku 40 tu baada ya fainali hiyo, alijiandikisha katika Kikosi cha Marines, tawi la jeshi la Marekani ambalo kazi yake kubwa katika Pasifiki ilikuwa kutua ufukweni na kuvamia visiwa.

Ligi yakimbiwa na wachezaji

Uamuzi wake haukuwa wa peke yake. Vita ilivyozidi kupamba moto, NFL ilijikuta haina watu. Mwaka 1943 klabu ya Cleveland Rams ilisimama kucheza kwa msimu mzima. Mwaka huohuo Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers waliunganisha vikosi vyao wakacheza kama timu moja. Mwaka uliofuata Pittsburgh waliungana na Chicago Cardinals, na muungano huo haukushinda hata mechi moja. Timu ziliwarudisha uwanjani wazee waliokwishastaafu, na zikawachukua vijana ambao jeshi liliwakataa kwa sababu za kiafya.

Mamia ya watu wa NFL walivaa sare za jeshi. Kati yao 23 hawakurudi: wachezaji 21 waliokuwa bado wanacheza au waliokwishastaafu, kocha mkuu mmoja wa zamani na kiongozi mmoja wa klabu. Giants pekee walipoteza vijana wawili ambao majina yao hutajwa pamoja hadi leo, Jack Lummus na Al Blozis.

Blozis alikuwa jitu la mtu, mwenye kimo cha takriban mita 1.98, bingwa wa kutupa tufe aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya mashindano ya ndani ya ukumbi. Jeshi lilimkataa kwanza kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, naye akang'ang'ania mpaka akakubaliwa. Desemba 17, 1944, akiwa tayari ni ofisa wa jeshi, aliichezea Giants fainali ya ligi dhidi ya Green Bay Packers. Januari 31, 1945 aliuawa katika milima ya Vosges nchini Ufaransa, alipotoka peke yake kwenda kuwatafuta askari wake wawili waliokuwa hawajarudi kutoka doria. Zilikuwa zimepita wiki sita tangu fainali hiyo.

Wakati Blozis anaanguka Ufaransa, mwenzake wa Texas alikuwa njiani kuelekea Iwo Jima.

Kutoka kuruta hadi luteni

Lummus alianza jeshi kama kuruta wa kawaida huko San Diego, California. Makamanda wake walimwona ana sifa za uongozi, wakampeleka Quantico, Virginia, katika mafunzo ya maofisa. Mwishoni mwa Desemba 1942 alipata cheo cha luteni. Hatimaye alipangiwa Divisheni ya Tano ya Marines, iliyoundwa upya huko California mwaka 1944 kwa kuchanganya wazoefu wa mapambano na vijana wapya.

Divisheni hiyo ilihamia Hawaii kwa mazoezi makali zaidi. Askari hawakuambiwa waendako. Walifundishwa kupanda vilima vya mawe ya volkano, kushambulia ngome za zege na kusonga mbele katika vikundi vidogo. Mwanzoni mwa mwaka 1945 walipakiwa melini, na wakiwa baharini ndipo walipoonyeshwa ramani ya kisiwa ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia.

Kisiwa cha kilomita za mraba 21

Iwo Jima ni kisiwa kidogo chenye eneo la takriban kilomita za mraba 21, kilichoko kiasi cha kilomita 1,200 kusini mwa Tokyo. Umuhimu wake ulikuwa katika viwanja vya ndege. Ndege kubwa za Marekani aina ya B-29, zilizokuwa zikiruka kutoka visiwa vya Mariana kwenda kuilipua Japani, zilipita karibu nacho wakati wa kwenda na kurudi. Wajapani walikitumia kutoa tahadhari na kurusha ndege za kuzizuia. Wamarekani walikitaka ili ndege zao zilizojeruhiwa zipate pa kutua.

Mlinzi wa kisiwa hicho, Jenerali Tadamichi Kuribayashi, alikuwa na askari wapatao 21,000 na alijua kwamba msaada hautamfikia. Badala ya kupigana ufukweni, aliwachimbisha askari wake chini ya ardhi. Kilomita kadhaa za njia za chini kwa chini ziliunganisha mapango, ngome za zege na vituo vya mizinga. Ngome moja ililindwa na nyingine, kiasi kwamba aliyeishambulia moja alipigwa kutoka mbili au tatu ambazo hakuziona. Mabomu yaliyomiminwa na ndege na manowari kabla ya uvamizi yalibomoa mengi ya juu ya ardhi, lakini ya chini yakabaki.

Marines walitua asubuhi ya Februari 19, 1945. Miguu ilizama katika mchanga mweusi wa volkano, magari yakakwama, na Wajapani wakasubiri ufukwe ujae watu kabla ya kufyatua mizinga yao. Siku hiyohiyo ya kwanza aliuawa Jack Chevigny, kocha wa zamani wa Chicago Cardinals, mmoja kati ya wale 23 wa NFL.

Siku nne baadaye askari walipandisha bendera ya Marekani juu ya mlima Suribachi, kusini mwa kisiwa, na picha iliyopigwa na Joe Rosenthal ikasambaa duniani kote. Wengi walioiona magazetini walidhani vita ya kisiwa imekwisha. Ukweli ni kwamba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na ingeendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja. Divisheni ya Tano ilielekezwa kaskazini, kwenye makorongo na miamba ambako Kuribayashi alikuwa ameweka nguvu zake kuu.

Machi 8, 1945

Lummus alitua na kikosi chake siku ile ya kwanza akiwa ofisa wa mawasiliano kati ya vikosi. Lakini maofisa wa mstari wa mbele walikuwa wakifa na kujeruhiwa haraka kuliko walivyoweza kubadilishwa, na mwanzoni mwa Machi akapewa kuongoza platuni ya askari wa miguu katika Kombania E ya Kikosi cha 27 cha Marines. Waliokuwa chini yake walikuwa watu waliochoka, wengine hawajalala vizuri kwa wiki mbili.

Kwa siku mbili mchana na usiku platuni hiyo ilipigana bila kupumzika. Asubuhi ya Machi 8 ilizuiwa na mvua ya risasi kutoka katika ngome zilizolindana. Kumbukumbu rasmi za nishani yake zinaeleza kilichofuata hatua kwa hatua.

Lummus alitoka mbele ya askari wake peke yake ili kuinyamazisha ngome ya kwanza. Bomu la mkono likalipuka karibu yake, likamwangusha. Akainuka, akaifikia ngome hiyo na kuiangamiza. Papo hapo akaanza kupigwa kutoka ngome ya pili, na bomu jingine likamwangusha tena na kumjeruhi vibaya begani. Hakurudi nyuma. Akaivamia ngome ya pili na kuwaua wote waliokuwamo.

Alirejea kwa askari wake, akawa anapita kutoka kikundi kimoja hadi kingine huku risasi zikiendelea, akiwahimiza wasonge na kuvielekeza vifaru mahali pa kupiga. Platuni ilipokwama kwa mara nyingine, alitoka tena mahali pa wazi akaishambulia ngome ya tatu na kuwaua waliokuwa wakiilinda. Kisha akawaongoza watu wake kusafisha mashimo ya wadunguzi, moja baada ya jingine.

Hapo ndipo alipokanyaga bomu la ardhini. Moshi na mchanga vilipotulia, askari wake walimwona wakadhani amesimama ndani ya shimo, kumbe miguu yote miwili ilikuwa imekatika. Hata katika hali hiyo aliendelea kuwapigia kelele wasisimame kwa ajili yake bali wasonge mbele. Masimulizi ya kijeshi yanaeleza kuwa machozi ya askari wale yaligeuka hasira, wakaondoka kwa kishindo na kusonga karibu mita 270, umbali ambao katika kisiwa kile, mahali ambapo siku nzima ilipita bila kupata hata mita mia moja, ulikuwa ni wa ajabu.

Neno la mwisho kwa Giants

Lummus alibebwa kwa machela hadi kwa madaktari wa divisheni. Alikuwa na fahamu zake. Alipolazwa mezani, alimtania daktari kwamba timu ya New York Giants sasa imempoteza mchezaji wa pembeni mzuri kweli kweli.

Utani huo umesimuliwa mara nyingi kama kielelezo cha ushujaa. Lakini unaonyesha pia jambo jingine lililo rahisi zaidi. Mtu ambaye vitabu vinasema alidaka pasi moja, tena miaka mitatu iliyopita, bado alijihesabu kuwa mchezaji wa Giants. Kwake yeye mkataba haukuwa umekwisha, ulikuwa umesimama tu mpaka vita iishe. Hata utani wake ulihusu kazi aliyotarajia kuirudia.

Madaktari walimwongezea damu nyingi na kujaribu kumfanyia upasuaji, lakini majeraha ya ndani yalikuwa makubwa mno. Alifariki dunia siku hiyohiyo akiwa na umri wa miaka 29. Alizikwa katika makaburi ya divisheni yake hapo kisiwani, na miaka michache baada ya vita mabaki yake yalirejeshwa Ennis, mji aliotoka.

Mapigano ya Iwo Jima yalitangazwa kumalizika Machi 26, 1945, katika siku ya 36 tangu kuanza. Wamarekani wapatao 6,800 walikuwa wameuawa. Kwa upande wa Wajapani, karibu wote walikufa. Waliochukuliwa mateka katika siku hizo walikuwa 216 tu. Nao pia walikuwa wakulima, walimu na wanamichezo wa makwao. Japani ilitangaza kusalimu amri Agosti 15 mwaka huo, miezi mitano baada ya kifo cha Lummus.

Medali 27 za Heshima zilitolewa kutokana na mapigano ya kisiwa hicho kimoja. Ya Jack Lummus ilikabidhiwa kwa mama yake mzazi mwezi Mei 1946, huko Ennis.

Je, kisiwa kile kilistahili gharama hiyo? Swali hilo lilianza kuulizwa hata kabla vita haijaisha, na wanahistoria wanaendelea kuligombania. Wanaotetea uvamizi hutaja takwimu za jeshi, kwamba ndege za B-29 zilitua hapo zaidi ya mara 2,200 kabla ya vita kuisha, kila moja ikiwa na watu wasiopungua kumi. Wanaopinga husema nyingi ya safari hizo zilikuwa za kujaza mafuta au mazoezi, na si za kuokoa maisha. Mwaka 1968 Marekani ilikirudisha kisiwa hicho mikononi mwa Japani. Mjadala huo hauondoi chochote katika alichokifanya kijana wa Ennis, kwa kuwa yeye hakuchagua kisiwa. Alichochagua ni kutoka mbele ya watu wake badala ya kuwatuma.

Jina lafika Bahari ya Hindi

Mwaka 1986 jeshi la Marekani liliingiza kazini meli kubwa ya shehena iliyopewa jina la Luteni Jack Lummus. Meli za aina hiyo hukaa baharini zikiwa zimesheheni magari, mafuta, chakula na zana, tayari kwenda kuwahudumia Marines popote watakapotua.

Desemba 1992, Marekani ilipotuma majeshi Somalia kulinda ugawaji wa chakula kwa wananchi waliokuwa wakifa kwa njaa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, meli hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotia nanga katika bandari ya Mogadishu na kushusha shehena. Hivyo jina la mkulima wa pamba aliyedaka pasi moja likasomeka katika bahari ileile inayopiga fukwe za Lamu, Mombasa na Dar es Salaam, mbele ya watu ambao bila shaka wengi wao hawakujua ni la nani.

Klabu yake nayo ilichukua muda mrefu. Jezi ya Al Blozis, namba 32, ilistaafishwa na Giants kwa heshima yake. Lummus, aliyecheza kidogo zaidi, alisubiri hadi Oktoba 2015, ambapo jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima inayoonyeshwa ndani ya uwanja wa timu hiyo, pamoja na makocha, wamiliki na nyota waliotwaa mataji. Ilikuwa imetimia miaka 70 tangu kifo chake, na karibu miaka 74 tangu avae jezi ya klabu kwa mara ya mwisho.

Miongoni mwa majina hayo, hakuna lenye takwimu ndogo kuliko zake. Wapo waliofunga mabao kwa makumi na waliocheza kwa miaka kumi na zaidi. Kitabu cha kumbukumbu nacho hakijabadilika, kwani hakiruhusu kuandika yaliyotokea nje ya mistari ya uwanja. Ukimtafuta Lummus humo utakuta bado ni msimu mmoja, mechi tisa, pasi moja, yadi tano.